Jitu Lisilosema: Uchambuzi wa Kisa cha Tamthilia ya The Incredible Hulk

Kwa nini kisa hiki

Anayekabidhiwa hadithi iliyokwisha kupendwa na watu ili aigeuze tamthilia ya televisheni hupokea mizigo miwili kwa mpigo. Wa kwanza ni kazi yenyewe. Wa pili ni wapenzi wa hadithi hiyo, ambao wameshakaa mkao wa kumlaumu kabla hata hajaandika mstari mmoja. Kisa ninachokichambua hapa ni cha Kenneth Johnson, mtayarishaji wa Marekani aliyepewa hadithi ya namna hiyo, ile ya jitu la kijani liitwalo Hulk, mwaka 1977. Yeye mwenyewe hakuipenda. Aliondoa karibu kila kilichokuwa ndani yake, na bado akapata tamthilia iliyodumu misimu 5 na kuheshimiwa hata na mtunzi wa awali.

Nimekichagua kwa sababu mafunzo mengi ya uandishi wa miswada hutufundisha kutunga, na ni machache mno yanayotufundisha kurithi. Siku hizi waandishi wetu wanaombwa kugeuza riwaya, ngano na hadithi za magazetini kuwa tamthilia, na swali la nini kibaki na nini kitupwe linawakuta hawajajiandaa.

Wasanii wanaojulikana hadharani kwa kazi hii nimewataja kwa majina. Maofisa wa kituo, mafundi na wanafamilia nimewataja kwa kazi zao tu au nimewaacha, kwa kuwa somo halipo kwao.

Mazingira

Hulk alizaliwa katika kitabu cha katuni cha kampuni ya Marvel chenye tarehe ya Mei 1962, kalamu ikiwa ya Stan Lee na michoro ya Jack Kirby. Dakta Bruce Banner, mwanafizikia anayeliundia jeshi bomu la miale ya gama, anamwona kijana ameingia na gari katika uwanja wa majaribio jangwani. Anakimbia kumwokoa, na bomu linalipuka yeye akiwa hana kinga. Tangu hapo anageuka jitu. Katika toleo la kwanza jitu lilikuwa la kijivu, lakini rangi hiyo haikutoka sawasawa mitamboni, na kuanzia toleo la pili likawa la kijani. Kitabu kilisimamishwa baada ya matoleo 6 tu. Hulk akahamishiwa kwenye vitabu vingine vya kampuni hiyo, na kufikia miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa wahusika wake maarufu.

Televisheni ya Marekani nayo ilikuwa na historia yake na mashujaa wa katuni. Kati ya 1966 na 1968 kituo cha ABC kilionyesha Batman iliyochezwa kwa mzaha wa makusudi: rangi kali, mavazi ya kubana, na maneno ya kishindo yakijitokeza kwenye skrini kila ngumi ilipotua. Watu waliipenda sana. Lakini iliacha fikra kwamba hadithi ya katuni ikifika televisheni ni ya kuwachekesha watoto, na fikra hiyo ilidumu muda mrefu kuliko tamthilia yenyewe.

Kampuni ya Universal ilipopata haki za wahusika kadhaa wa Marvel, mkuu wake wa upande wa televisheni, Frank Price, alimwita Kenneth Johnson achague mmoja. Johnson alikuwa amefanya kazi katika tamthilia ya The Six Million Dollar Man na ndiye aliyebuni The Bionic Woman, kwa hiyo wakubwa walimwona kuwa mtu anayejua kuandika habari za watu wenye nguvu za ajabu. Yeye hakuwa na hamu. Amekwisha kueleza mara nyingi kwamba nia yake ya kwanza ilikuwa kukataa.

Kilichombadili ni riwaya aliyokuwa akiisoma wakati huohuo, Les Misérables ya Victor Hugo, iliyotoka mwaka 1862. Humo mna Jean Valjean, mtu mwema anayeishi mafichoni kwa majina ya bandia, na Javert, askari anayemwinda mwaka hadi mwaka kwa imani kamili kwamba anatenda haki. Johnson akaona kwamba akimchukua mtu wa namna ya Valjean na kumtia ndani yake jambo asiloweza kulitawala, atakuwa na tamthilia ya watu wazima, ingawa juu ya jalada kuna jitu la kijani.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Johnson aliandika muswada wa filamu ya saa 2, pamoja na matangazo, iliyokusudiwa kupima kama watazamaji watakubali. Kwa nafasi ya daktari alimtaka Bill Bixby, mwigizaji aliyezoeleka katika vichekesho na tamthilia za kifamilia. Bixby aliposikia jina la Hulk hakuvutiwa hata kidogo. Alipousoma muswada wenyewe alikubali.

Nafasi ya jitu iliwasumbua zaidi. Aliyechukuliwa kwanza ni Richard Kiel, mwenye kimo cha zaidi ya mita 2.1, aliyekuwa amecheza kama Jaws katika filamu ya The Spy Who Loved Me mwaka huohuo. Upigaji picha ulipoanza, ikaonekana kwamba urefu peke yake hautoshi. Kwenye katuni Hulk ni mlima wa misuli, na Kiel, pamoja na kimo chake, hakuwa na mwili huo. Johnson alifanya uamuzi mgumu wa kumbadilisha kazi ikiwa imeshaanza, gharama imeshaingia. Akaletwa Lou Ferrigno, mtunisha misuli aliyekuwa ametwaa taji la Mr. Universe, na ambaye alipoteza sehemu kubwa ya usikivu tangu utotoni. Picha za Kiel zikapigwa upya. Moja fupi ilisalia ndani ya filamu, na wapenzi wa tamthilia hii wanaijua ilipo.

Filamu ilirushwa na kituo cha CBS tarehe 4 Novemba 1977, na ya pili ikafuata mwezi huohuo. Zilitazamwa vizuri, na tamthilia ya kila wiki ikaanza tarehe 10 Machi 1978, ikawa ya usiku wa Ijumaa kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Iliendelea hadi msimu wa 5, uliokatizwa ukiwa mfupi. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 12 Mei 1982.

Miaka 6 baadaye wahusika walirudi katika filamu za televisheni, safari hii kwa kituo cha NBC: The Incredible Hulk Returns mwaka 1988, The Trial of the Incredible Hulk mwaka 1989, na The Death of the Incredible Hulk mwaka 1990. Bixby mwenyewe aliongoza mbili za mwisho. Johnson hakuwa nazo tena.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza uligusa chanzo cha jitu, na kwangu huo ndio ulioibeba tamthilia. Johnson aliliondoa bomu. Akaliondoa jeshi, akamwondoa kijana wa jangwani. Mahali pake akaweka msiba wa nyumbani. Banner wa televisheni ni daktari na mtafiti ambaye mkewe, Laura, alifia ndani ya gari lililopinduka na kushika moto, yeye akihangaika kulinyanyua bila kuweza. Baadaye, katika kazi yake kwenye taasisi ya Culver, anawahoji watu waliopata nguvu za ghafla walipowaona wapendwa wao hatarini, wakanyanyua kisichonyanyulika. Swali la utafiti wake ni la kisayansi kwa sura, lakini mtazamaji anajua ni la mjane: kwa nini wao waliweza na mimi sikuweza?

Anagundua uhusiano kati ya matukio hayo na miale ya gama itokayo kwenye jua. Usiku mmoja, peke yake, anajipiga miale hiyo kwa mashine ambayo, bila yeye kujua, imebadilishwa na kuongezwa nguvu, naye anapata kipimo kikubwa mara nyingi kuliko alichokusudia. Mwanzoni hakuna kinachotokea. Anaondoka kurudi nyumbani, mvua inanyesha, tairi linapata pancha. Spana inamponyoka na kumuumiza. Hasira inampanda, na mtu anageuka.

Tazameni ukubwa wa tukio hilo. Mara ya kwanza Hulk kutokea hakuna adui, hakuna jiji linaloangamia. Kuna mtu aliyechoka, aliyelowa, anayebadili gurudumu gizani. Kila mtazamaji amewahi kupata usiku wa namna hiyo. Johnson aliihamisha nguvu ya ajabu kutoka maabara ya jeshi akaiweka pembeni mwa barabara, katika hasira ambayo sote tunaijua.

Uamuzi wa pili ulimhusu mwindaji. Katika vitabu anayemwandama Hulk ni jenerali mwenye vifaru na helikopta. Johnson alimweka Jack McGee, mwandishi wa gazeti la udaku liitwalo National Register, aliyechezwa na Jack Colvin. McGee anajipenyeza kwenye maabara kutafuta habari. Kemikali inamwagika katika chumba alimojificha, mlipuko unatokea, na Elaina Marks, mtafiti mwenzake Banner aliyempenda kimyakimya, anafia mikononi mwa jitu lililojaribu kumwokoa. McGee anaona jitu likitoka motoni limembeba mwanamke. Anahitimisha kwamba limemuua yeye na Banner pia. Kuanzia hapo Banner anahesabiwa marehemu, na McGee anaanza kumsaka muuaji asiyekuwepo.

Sababu za uamuzi huo zilikuwa mbili, nazo zilikutana vizuri. Vifaru na helikopta ni gharama isiyobebeka kila wiki, mwandishi mmoja mwenye koti na kalamu anaweza kushuka kwenye basi katika mji wowote. Na kwa upande wa maigizo, jeshi halina uso. McGee ana uso, ana bosi anayemdharau, ana imani. Ukweli anaoutafuta ni wa kweli kwa kiasi, na sehemu asiyoijua ndiyo inayomtesa mwenzake. Huyo ni Javert aliyehamishiwa chumba cha habari.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kulinyima jitu maneno. Hulk wa vitabuni huongea, tena hujitaja kwa jina lake mwenyewe. Wa televisheni hunguruma tu. Ngurumo zenyewe zilitolewa na Ted Cassidy, ambaye pia ndiye msimulizi wa utangulizi wa kila sehemu. Baada ya kifo chake mwaka 1979 kazi ya ngurumo ilikwenda kwa Charles Napier. Johnson aliamini kwamba jitu likifungua kinywa na kutamka sentensi, mtazamaji atacheka, na akicheka mara moja tamthilia nzima imekwisha. Kwa Ferrigno hii ilimaanisha kuigiza kwa macho, mabega na viganja. Katika filamu ya kwanza jitu linamkuta msichana mdogo akivua samaki ziwani. Msichana anaogopa, anatumbukia majini, jitu linataka kumsaidia, na baba yake analipiga risasi. Jitu linaumia, linavuja damu. Halielewi kosa lake. Ferrigno anayaonyesha hayo bila neno hata moja.

Risasi hiyo inatuleta kwenye uamuzi wa nne: kupunguza nguvu. Hulk wa vitabuni huruka maili kwa maili na hakuna silaha inayomdhuru. Wa Johnson hupindua magari, huvunja milango na kuta, basi. Huweza kuumia. Haui. Na ni kwa nadra sana hupambana na jitu jingine, wala hapambani na wabaya waliovaa vinyago. Wapinzani wake ni mwajiri anayewanyonya vibarua, wacheza kamari, polisi aliyekula rushwa, watu wanaopatikana kila mji. Kwa kuwa adui ni wa kawaida, jitu dogo lilitosha kuwa kubwa.

Kisha kuna maamuzi ambayo Johnson aliyashindwa au aliyapata nusu. Alitaka jitu liwe jekundu, kwa hoja kwamba binadamu akikasirika uso huwa mwekundu na si kijani. Stan Lee alikataa katakata. Jina nalo lilibadilishwa: Bruce akawa David. Johnson hakupenda desturi ya vitabu vya katuni ya kuwapa watu majina yanayoanza kwa herufi moja, na kwa kulichagua jina hilo alimkumbuka pia mwanawe. Hata hivyo kaburi linaloonyeshwa kwenye filamu limeandikwa David Bruce Banner, na wapenzi wa vitabu wakapewa haki yao.

Napenda wanafunzi wa uandishi wakae kidogo na jambo hili la rangi na jina. Mwenye hadithi aliruhusu chanzo kibadilishwe, adui aondolewe, kauli ikatwe, jina la kwanza ligeuzwe. Alichokataa ni rangi. Kwa haraka mtu anaweza kuona ni ukaidi juu ya jambo dogo. Lakini rangi ndiyo iliyokuwa alama pekee ambayo mtoto yeyote aliyewahi kuona jalada angeitambua kwa mbali. Lee alijua kipi kikitoka hakuna tena Hulk, na Johnson alijua kipi kikibaki hakuna tamthilia. Kila mmoja aliporidhia mambo mengine yote, mazungumzo yalipata njia. Mwandishi anayekwenda kuzungumza na mwenye hadithi afikirie mapema ni alama ipi mwenye mali hatakubali kuitoa, na aiheshimu bila kupoteza nguvu zake hapo.

Matokeo

Tamthilia ilipata kile ambacho nyenzake za wakati huo hazikukipata. The Amazing Spider-Man, iliyokuwa kituo hichohicho cha CBS, haikufika mbali, na filamu za televisheni za Dr. Strange mwaka 1978 na Captain America mwaka 1979 hazikuzaa tamthilia za kila wiki. Hulk alibaki. Mariette Hartley alitunukiwa tuzo ya televisheni ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia mwaka 1979 kwa kucheza Dakta Carolyn Fields katika sehemu ya saa 2 iitwayo Married, iliyofungua msimu wa pili. Carolyn ni daktari anayejua kwamba ugonjwa utamuua karibuni. Anamtibu Banner kwa kumlaza usingizi wa kitabibu ili akutane na jitu ndani ya fikra zake, naye Banner anatafuta dawa ya ugonjwa wa Carolyn. Wanaoana. Wote wawili wana kitu ndani ya miili yao kisichowasikiliza, na muswada hauhitaji kutuambia hivyo, tunauona.

Mafanikio hayo yalirudi hadi vitabuni. Mwaka 1980 Marvel ilitoa She-Hulk, kwa sehemu kwa kuhofia kwamba watu wa televisheni wangebuni Hulk wa kike na kumiliki haki zake. Hofu yao ilikuwa na msingi, maana Johnson ndiye aliyekwisha kumtoa mwanamke wa The Bionic Woman ndani ya tamthilia ya mwanamume. Na filamu ya sinema ya mwaka 2008 iliukumbuka mpigo wa piano wa Joe Harnell, The Lonely Man, uliokuwa ukisikika mwishoni mwa kila sehemu wakati Banner akiondoka na mkoba wake begani kuomba lifti. Ililitumia pia jina la Culver.

Lakini hadithi haikumalizwa. Kituo kiliikatiza, na tamthilia ikasimama pale ilipofikia, Banner akiwa njiani bado na McGee akimtafuta bado.

Uchambuzi: kilichofaa

Mtazamaji wa tamthilia hii anawekwa mahali pagumu, na hapo ndipo ufundi ulipo. Banner anapozingirwa na wahuni na kuwasihi wamwache, mtazamaji anataka wamwache, kwa sababu anajua mtu huyu atapoteza nini: kazi aliyoipata juzi, chumba, rafiki mpya, pengine mwanamke anayeanza kumpenda. Na mtazamaji huyohuyo anataka wasimwache, kwa sababu amekaa dakika 20 akisubiri macho yale yabadilike rangi. Anaomba mambo mawili yanayopingana kwa wakati mmoja. Katika hadithi nyingi za mashujaa nguvu ni zawadi, na stelingi akiitumia tunashangilia. Hapa nguvu ni hasara. Kila Hulk anaposhinda, Banner anafukuzwa mjini. Ushindi na adhabu vimefungwa katika tukio moja, na hakuna mwandishi anayehitaji kueleza huzuni ya mtu huyu kwa maneno.

Hili si geni kwetu sisi wa Kiswahili. Fumo Liongo hatumkumbuki kwa hesabu ya watu aliowashinda. Tunamkumbuka gerezani akitungiwa njama, tunamkumbuka mwanawe akimchoma sindano ya shaba kitovuni, na tunamkumbuka amepiga goti kisimani, upinde mkononi, amekwisha kufa na watu bado wanaogopa kumsogelea. Nguvu zake ndizo zilizomtenga na jamaa zake. Johnson hakuwahi kumhitaji Liongo, alikuwa na Hugo, lakini alifika palepale: shujaa mwenye nguvu kupita wenzake huwa hadithi nzuri tunapoona nguvu hizo zimemgharimu nani.

Jambo la pili lililofaa ni uzito wa uigizaji. Bixby hakumcheza Banner kama mtu anayejua kwamba yumo ndani ya katuni. Anaongea polepole, anawatazama watu machoni, anaomba radhi. Onyo lake kwa McGee, kwamba asimkasirishe, kwa maana hatampenda akikasirika, limekuwa maarufu likirudiwa kwa vitisho. Kwenye filamu yenyewe analisema kwa upole wa mtu anayeomba. Nimewaona waigizaji wetu wazuri wakipewa nafasi ya mtu wa nguvu na kuanza kufoka tangu tukio la kwanza. Wakifoka mapema hawana pa kupanda. Bixby alianzia chini kabisa, na kwa kuwa Ferrigno ndiye aliyebeba hasira yote, Bixby alibaki huru kubeba woga wote. Kugawa nafsi moja kwa waigizaji wawili, mwenye maneno bila nguvu na mwenye nguvu bila maneno, kulilazimishwa na ufundi duni wa picha wa wakati huo, lakini kuliipa tamthilia kitu ambacho ufundi bora wa baadaye haukukipata kirahisi. Jitu lilikuwa mwili halisi wa mtu, uliopakwa rangi, unaotokwa jasho, unaogusa vitu na kuvivunja.

Uchambuzi: kilichokwama

Muundo ulioiweka tamthilia hai ndio ulioichosha. Banner anafika mji mpya, anapata kibarua kwa jina la uongo linaloanza na B, anakuta watu wenye shida, anageuka mara moja katikati na mara ya pili kuelekea mwisho, McGee anafika akiwa amechelewa, Banner anaondoka. Kufikia msimu wa tatu mtazamaji makini angeweza kutazama saa ya ukutani na kujua lini shati litachanika. Kituo kilitaka hivyo, kwa sababu watazamaji wa Ijumaa walikuja kuliona jitu. Lakini ukilazimika kumkasirisha mtu mara mbili kila wiki, utafika mahali pa kutafuta visingizio, na kukawa na sehemu ambazo Banner anageuka kwa sababu ambazo mtu mzima angezipuuza. Hapo ndipo ile huzuni ilipoanza kupungua, kwa kuwa msiba ukija kwa ratiba watu huacha kuuogopa.

Gharama nazo ziliacha alama. Universal ilikuwa na ghala la filamu zake, na baadhi ya sehemu ziliandikwa kuzunguka picha zilizokwisha kupigwa. Sehemu iitwayo 747 ilitumia picha za filamu ya Airport 1975, na Never Give a Trucker an Even Break ilitumia picha za lori kutoka filamu ya Duel ya mwaka 1971. Sioni aibu katika mbinu hiyo, mtayarishaji mwenye fedha chache hutumia alichonacho. Ubaya unakuja pale muswada unapoanza na picha kisha kumtafutia Banner sababu ya kuwemo, na katika sehemu hizo yeye ni abiria tu ndani ya hadithi yake.

Walijua njia ya kutoka, na wakati mwingine waliifuata. Sehemu mbili za Mystery Man za mwaka 1979 zinamweka Banner, uso umefungwa bandeji na kumbukumbu zimempotea, safarini pamoja na McGee asiyemtambua. Ndege yao ndogo inaanguka msituni. Wanahitajiana ili waishi. McGee, ambaye kwa zaidi ya mwaka alikuwa mwindaji tu, anazungumza kama binadamu, na kabla ya mwisho anagundua kwamba jitu analolisaka ni mtu anayegeuka, ingawa hajui ni mtu gani. Hii ndiyo kazi bora ya tamthilia nzima kwa maoni yangu, kwa sababu uhusiano wa wahusika wakuu unasogea hatua moja na hauwezi tena kurudi nyuma. Baada yake, hata hivyo, wiki zilizofuata zilirudi kwenye mji mpya na kibarua kipya, na mlango uliofunguliwa ukatumiwa kwa nadra.

Kosa kubwa kabisa nitalitaja kwa upole, kwa sababu televisheni ya wakati ule haikuwazoesha watu kufikiri hivyo: hakuna aliyeandika mwisho. Hugo alijua Javert ataishia wapi. Valjean anayaokoa maisha ya Javert, naye Javert, akiwa hana tena mahali pa kuiweka sheria yake, anashindwa kuishi. Kila Hugo alichokuwa ameandika kabla ya hapo kilielekea kwenye mgongano huo. Johnson aliazima watu wawili wa Hugo lakini hakuazima mahali walipokuwa wakienda, na kituo kilipoikata tamthilia haikupata hata saa moja ya kuaga.

Filamu za NBC zilipata nafasi ya kulirekebisha hilo, zikaitumia kwa mambo mengine. Ile ya 1988 ilimleta Thor, ya 1989 ikamleta Daredevil, mashujaa wengine wa Marvel, kwa matumaini kwamba wageni hao wangepata tamthilia zao wenyewe. Hawakupata. McGee alionekana katika ya 1988, kisha hakurudi. Katika ya 1990 Banner anaanguka kutoka kwenye ndege akiwa jitu, anageuka mtu akiwa chini, na anakufa. Bixby aliiongoza kwa heshima na Ferrigno hakubakiza kitu. Lakini mtu aliyekuwa ameamini tangu 1977 kwamba David Banner aliuawa na Hulk hayupo pale kujua alikuwa akimsaka nani. Ningemrudisha McGee kwa gharama yoyote, hata kama ingebidi kuondoa ndege nzima, na ningempa kazi moja tu: aandike habari hiyo, au akatae kuiandika.